Kibao Chini ya Vikombe

Benchi la pale konani lina miguu mitatu na tofali, na aliyechelewa kufika ndiye hukalishwa upande wa tofali. Limeegemea ukuta wa kinyozi, limeikabili barabara, na ng'ambo ya barabara iko bustani ya mtaa, yenye uzio wa chuma na mabembea yanayolia kila yakisukumwa. Wenye benchi wanaijua bustani hiyo kwa macho tu. Kinyozi yuko upande huu, duka la sigara liko upande huu, kivuli cha asubuhi kinaangukia upande huu, na kahawa ya tangawizi ya Bi Birika, ambayo ndiyo hasa inayowatoa majumbani mwao, inachemka juu ya jiko la mkaa upande huu huu. Jina la Bi Birika walimpa wao. Hakopeshi, wakasema ana mkono wa birika, na jina likamganda. Yeye hakununa. Mtu akishakupa jina, alisema, lazima arudi kuliangalia.

Jumamosi hiyo kikundi cha bustani kilikuwa na siku yake. Watoto wangechora kwa chaki, wazee wangenyoosha viungo, spika moja ingepiga muziki, na kubwa kuliko yote, mtu wa manispaa alikuwa anakuja kuitazama barabara. Kikundi kilikuwa kimeomba tuta na kivuko cha mistari hadi kikachoka, na jibu lilikuwa lile lile: manispaa haijengi kivuko mahali ambapo watu hawavuki. Watu nao hawavuki kwa kuwa hakuna kivuko. Mwenyekiti wa kikundi ni mama mstaafu anayeitwa Mkunga, kwa kuwa kazi yake ilikuwa hiyo, na nusu ya mtaa aliipokea kwa mikono yake. Alipochoka kuzungushwa alisema, haya, siku hiyo watavuka na huyo bwana atawaona. Akawaendea wenye benchi, kwa sababu ndio watu pekee wanaoshinda barabarani, akawakabidhi kibao cha duara chenye mpini, upande mmoja SIMAMA, upande wa pili PITA, pamoja na kizibao cha njano kinachong'aa. Kazi yao ilikuwa kusimamisha magari na kuvusha watu. Wote watatu wakaapa. Nukta, fundi cherehani anayefunga hoja zake kwa neno hilo, aliapa mara mbili, maana yeye alizaliwa mikononi mwa Mkunga, tena alitanguliza miguu, na Mkunga hajawahi kumwachia asahau.

Sasa jua lilikuwa limeshapanda, muziki ulikuwa unalia ng'ambo, na kibao kilikuwa kimelazwa juu ya kreti, SIMAMA juu, kimebeba vikombe vya kahawa. Kilikaa sawasawa hata kikombe hakikuyumba. Kizibao kilikuwa chini ya makalio ya Waziri.

— Tusikurupuke, — alisema Waziri. Huyu ni dalali wa nyumba. Wizara hana, ila ana koti la suti moja na suruali ya suti nyingine, na hilo limemtosha. — Jambo la umma linaanza na kamati.

— Kamati ya watu watatu? — Nukta akauliza.

— Mwenyekiti, katibu, mjumbe. Tumetimia.

— Na wa kushika kibao?

— Huyo atateuliwa na kamati.

— Kutoka wapi, ikiwa kamati ndiyo sisi wote?

— Ndiyo maana nimesema tusikurupuke.

Wa tatu alikuwa Breki, dereva mstaafu wa malori. Jina hilo halikutokana na gari. Ni maneno yake ndiyo hayana breki.

— Mimi mnitoe kabisa, — alisema. — Nimeendesha ujana wangu wote. Nisimame leo katikati ya barabara nimkingie dereva mwenzangu kibao usoni? Nitakuja kumtazama vipi?

— Humjui, hakujui.

— Madereva tunajuana kwa mioyo.

— Basi Nukta.

— Mguu huu, — Nukta akaunyoosha mguu wake wa kulia ili wauone vizuri, — ndio unaokanyaga cherehani. Ukichoka huu, watoto wangu wanakula nini? Kwa nini asishike Waziri?

— Waziri hashiki kibao. Anashikiwa.

Bi Birika alikuwa ameinama akipuliza mkaa. Aliyasikia yote, na kwa kawaida maneno ya benchi humpita kama upepo. Humimina, husuuza vikombe kwenye ndoo yake, humimina tena. Lakini leo kila mara alikuwa akiinua kichwa kutazama kichochoro kinachoshuka hadi kwao, na moyo wake haukuwa kwenye mkaa.

— Jamani, mama anakuja leo, — alisema. — Nimeshawaambia.

— Tunajua, dada, — akasema Waziri. — Tupo.

— Nimemwambia barabara ina mtu.

— Ina watu! Sisi tulivyo hapa ni nini, vivuli?

Mama yake alikuwa ameangushwa na pikipiki kwenye barabara hiyo hiyo, msimu wa mvua uliopita, akirudi kutoka bustanini kunyoosha viungo na wenzake. Mguu ulipona. Kilichobaki ni woga. Tangu hapo hakutoka nje ya kizingiti. Asubuhi hukaa dirishani, na upepo ukivuma upande wao humletea vicheko vya wazee wenzake kutoka bustanini, naye husikiliza ameshika tama, yeye ambaye zamani kicheko chake ndicho kilichowatangulia wote. Mkunga alikuja kumbembeleza hadi sauti ikamkauka. Jana usiku, wakati Bi Birika anaponda tangawizi, mama akasema kutoka kitandani, kana kwamba anazungumza na dari: kama kweli barabara itakuwa na mtu, nitakwenda. Mtoto wa kike akaponda ile tangawizi mpaka ikawa uji, kwa furaha. Aliogopa kugeuka mama asije akabadili mawazo.

Ng'ambo, Mkunga alitokeza kwenye lango la bustani akapunga mkono kwa nguvu. Kando yake alisimama bwana mmoja mwenye kofia, mikono nyuma, amechoka kabla ya kazi kuanza.

— Anatusalimia, — alisema Nukta.

Wote watatu wakapunga mkono. Mkunga akapunga zaidi, mikono yote miwili. Nao wakapunga mikono yote miwili.

— Mama yule ana heshima sana, — Waziri akasema, akachukua kikombe chake. — Heshima nyingi mno. Mtu wa hivyo hakosi jambo lake.

— Jambo gani?

— Breki anajua.

Breki hakuwa anajua, lakini hajawahi kuacha hilo limzuie.

— Nyinyi mnajua tuta limebuniwa na nani? — akaanza. — Mafundi wa gereji! Kila tuta moja linalisha gereji tatu. Springi, ekzosi, mpaka viti vinalegea. Tuta likiwekwa hapa, kesho kutwa gereji inafunguliwa pale kwa kinyozi.

— Na kinyozi aende wapi?

— Si ndiyo hapo sasa! Mnadhani hili jambo ni jepesi.

— Gereji ni kitu kidogo, — alisema Nukta. Alisogeza kreti mbele kwa mguu wake ule ule wa cherehani, vikombe vikateleza kidogo juu ya SIMAMA. — Mmewatazama vizuri wale wazee asubuhi? Mikono juu, mikono chini. Mikono juu, mikono chini.

— Wananyoosha viungo.

— Viungo gani vinanyooshwa kwa amri? Wale wanazoezwa kura! Siku ya uchaguzi ikifika, Mkunga akisema wanaoniunga mkono wanyooshe, mikono imeshazoea. Inapanda yenyewe. Mzee atakuwa amelala usingizi, mkono uko juu. Nukta.

— Anagombea nini?

— Hiyo ndiyo siri. Hata yeye hajaambiwa.

Bi Birika akasema bila kugeuka:

— Mama yangu alikuwa ananyoosha mikono pale. Alikuwa anapata usingizi.

— Ndivyo wanavyoanza, — Nukta akamjibu kwa upole.

Mwanamke mmoja alifika ukingoni, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akatazama kulia, kushoto, akatazama benchi. Benchi likamtazama. Gari la maji likapita likiwarushia vumbi wote. Akashika sana mkono wa mtoto, akakimbia kandambili zikimtoka, akafika.

— Mmeona? — Breki akasema. — Amevuka mwenyewe. Wala hakuomba kibao.

— Angeomba tungempa, — akasema Waziri.

Bi Birika aliuma mdomo. Alitaka kusema neno, lakini wateja wengine walikuja, vibarua wawili wanaokunywa wima, akawahudumia, na walipoondoka benchi lilikuwa limeshafika mbali.

— Wote mmelala, — Waziri alikuwa anasema, ameinua kidole. — Suala ni ardhi. Nisikilizeni mimi ninayeshinda kwenye ardhi. Bustani ikipendeza na barabara ikitulia, nyumba za hapa zinapanda bei. Zikipanda, wapangaji wanahama. Wakihama, wanaingia wenye magari. Magari yanahitaji maegesho. Maegesho yatakuwa wapi?

Kidole kikaenda ng'ambo, kikakaa kwenye mabembea.

— Kwa hiyo, — Nukta akasema taratibu, — Mkunga anaipamba bustani ili ife.

— Umenielewa.

— Lakini subiri kwanza. Nyumba zikipanda bei, wewe dalali si ndiyo unakula?

Waziri alisimamisha kikombe katikati ya safari. Alifikiri. Mtu aliweza kumwona akifikiri, paji lilikunjana lote.

— Hilo sikuwa nimelifikisha huko, — alisema mwishowe. — Basi mimi naunga mkono tuta. Hata mawili.

— Kigeugeu!

— Msimamo wangu umekua.

— Matuta nitavumilia, — alisema Breki, — ila mistari sikubali, hata mkinifunga kamba. Mistari ile ni hatari kuliko kona. Nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Dereva akiitazama, macho yanacheza, kichwa kinazunguka. Akishtuka, yuko mji mwingine, na lori si lake.

— Ilishakutokea?

— Mji ulikuwa huu huu. Lakini lori kweli halikuwa langu.

Walicheka hadi tofali likateleza, na Nukta, aliyekuwa upande huo, nusura aende chini. Wakalirudisha. Waziri akainua kikombe chake kitupu kumwonyesha Bi Birika, naye hakukiona, kwa sababu alikuwa ametazama kichochoro, na mama yake alikuwa anatoka.

Alikuja peke yake. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, lenye mikunjo ya kukaa muda mrefu sandukuni, na raba nyeupe za mazoezi. Fimbo aliishika, lakini alikuwa akiibeba kuliko kuiegemea. Kila baada ya nyumba alisimama kama anayesoma namba ya mlango, na Bi Birika aliyemfahamu alijua hasomi kitu, anakusanya nguvu. Binti alitaka kukimbia kumlaki, na alijua pia kwamba akikimbia atamharibia.

Wenye benchi waliinuka wote. Heshima wanayo, si haba.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Hamjambo?

— Hatujambo, bibi. Umependeza. Umerudi kijana.

— Nashukuru. — Aliwatazama mmoja mmoja, kwa uso mkunjufu kabisa, tayari kumpa mkono atakayejitokeza. — Nani anayevusha?

Benchi lile halijawahi kukosa la kusema. Limeshajadili mwezi, bei ya saruji, na kama samaki huona kiu. Lakini sasa Breki alitazama barabara kana kwamba ndiyo kwanza inapita hapo. Nukta alitazama tofali. Waziri akahisi kitu chini yake alipotaka kukaa tena, akakichomoa, kumbe ni kile kizibao, cha moto kwa kukaliwa, na kwa kuwa alikuwa nacho mkononi na watu wote wanamwangalia, akakikunja vizuri, akakitandika kwenye benchi.

— Karibu ukae kwanza, bibi.

— Sikuja kukaa, baba. Nimekaa tangu mvua zile.

Lori likapita. Yule mama akarudi nyuma hatua nzima hadi mgongo ukagusa ukuta wa kinyozi, na uso ule mkunjufu ukajifunga. Akaangalia kichochoro alichotokea.

— Labda nimekuja mapema, — alisema kwa sauti ndogo. — Nitarudi nyumbani. Nyinyi mkiwa tayari, mtaniita.

Hapo Bi Birika akakasirika. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alisogea kwenye kreti akaanza kuondoa vikombe juu ya kibao, kimoja kimoja, kila kimoja akikitumbukiza kwenye ndoo, na cha Breki kilikuwa bado kina kahawa.

— Dada, mimi sijamaliza.

— Umemaliza.

— Tulikuwa tunafikia uamuzi, — Waziri akasema.

— Endeleeni kuufikia.

Alikifuta kibao kwa kanga yake, lakini duara za kahawa zilikuwa zimeshaingia kwenye rangi, zimepita juu ya SIMAMA kama mihuri. Kizibao alikivaa. Kilimbana, maana Nukta alikuwa amekipunguza bila kuombwa, kikamkaa yeye kama nguo ya mtoto aliyekua ghafla. Kibao mkono wa kulia. Mkono wa kushoto akachukua birika. Kuwaachia watu wale birika ni sawa na kulimwaga. Akamnyooshea mama yake kiwiko.

— Shika hapa, mama.

— Wewe ndiye mwenye kibao?

— Mimi.

— Mbona hukuniambia?

— Nilikuwa sijajua.

Mama akashika. Kucha ziliingia mkononi. Wakasogea hadi ukingoni, Bi Birika akainua kibao juu kadiri alivyoweza, ingawa na yeye alikuwa anaogopa, tena sana, na akashusha mguu barabarani. Teksi ikapiga honi halafu ikafunga breki. Nyuma yake pikipiki ikataka kupenya pembeni, mwenyewe akakiona kibao, akaona na fimbo, akashusha miguu yote miwili chini. Ile sauti ya pikipiki ikinguruma papo hapo ndiyo iliyomfanya mama asimame katikati ya barabara.

— Usinivute.

— Sikuvuti.

— Ngoja kidogo.

— Nangoja, mama. Na wao wanangoja.

Kweli walingoja. Mstari wa magari ulianza kurefuka na hakuna aliyepiga honi tena. Mama alimtazama yule wa pikipiki, kijana wa watu, kofia imempanda kichwani. Yule kijana akazima injini. Mama akashusha pumzi ndefu, na mguu wenye raba nyeupe ukatangulia, kisha wa pili.

Lango la bustani lilikuwa limejaa. Wazee wenzake walimpokea kwa vigelegele kana kwamba ametoka safari ya mbali, mmoja akachukua fimbo, mwingine akamshika kiuno, na Mkunga alikuwa anafuta macho bila kuficha. Mtu wa manispaa alikuwa ametoa mikono nyuma. Aliuliza kama yule mama huvuka hapo siku zote.

— Alikuwa anavuka, — Mkunga akamjibu. — Na leo amevuka. Uliza kilichotokea kati ya siku hizo na leo.

Bi Birika aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha maua, akaanza kumimina kwenye vikombe vya kikundi. Mama alikunywa kikombe cha kwanza akiwa amesimama, kwa haraka, kama zamani. Kilichofuata alikipata Mkunga. Kisha birika likapita kwa wazee, na wazee wana kiu, na muziki ukawaongezea. Mtoto mmoja alikuwa amechora barabara kwa chaki sakafuni, nyumba huku, bembea kule, na katikati hakuweka kitu ila vumbi jingi la chaki nyeusi. Mama alisimama pembeni ya ule mchoro muda mrefu. Halafu mtu akasema kitu, akacheka, na kicheko chake kikatoka vile vile kilivyokuwa, kikubwa, hadi bembea ikasimama kumsikiliza. Bi Birika alikisikia tumboni.

Ndipo alipoitwa kutoka upande wa pili.

— Dada!

Walikuwa wamesimama ukingoni, wote watatu, wamepangana. Nyuma yao benchi lilikuwa tupu na jiko linawaka bure. Waziri alikuwa ameinua kikombe. Breki, mtu wa maisha yote barabarani, alishusha mguu mmoja kwenye lami, gari likaja, akaurudisha.

— Dada! Kahawa!

— Iko huku! — akawajibu.

Walishauriana. Nukta alionyesha kushoto, Waziri akaonyesha kulia, Breki akatikisa kichwa kwa yote mawili. Kisha Waziri akaweka mikono mdomoni, na suala lenyewe likavuka barabara juu ya mapaa ya magari:

— Sasa tunavukia wapi?

— Wale wamekwama? — akauliza mtu wa manispaa.

— Yule wa katikati amekwama tangu siku nilipompokea, — akasema Mkunga.

Bi Birika akatikisa birika. Halikutoa sauti. Akaliinamisha kabisa juu ya kikombe cha mwisho, likadondosha mashapo ya tangawizi basi. Akaliweka chini, akachukua kibao chake chenye madoa.

— Waache kidogo, — mama yake akamwambia, huku macho yake yanacheka. — Waionje barabara.

Akawaacha kidogo. Kisha akatoka langoni, akainua SIMAMA, na magari yakasimama upande huu na upande ule. Wale watatu wakateremka barabarani wameshikana mashati, Breki mbele amefumba jicho moja, Waziri nyuma ameukinga mdomo wa kikombe kwa kiganja vumbi lisiingie, na mtu wa manispaa akiwatazama tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Bi Birika alisimama katikati, mkono juu, hadi wa mwisho akapita.

Hakuwaambia kwamba kahawa imekwisha.